Naomba ushauri: kadi ya mkopo nikiwa na miaka 19 Marekani

Habari zenu ndugu zangu, hasa mliosomea au mnaoishi Marekani.

Nina miaka 19, nasoma chuo mwaka wa pili hapa Ohio. Nataka kadi ya mkopo ili nianze kujenga historia ya mikopo, maana wenye nyumba wengi huku huiangalia kabla ya kukupangisha. Benki ya kwanza imenikataa. Sababu waliyoandika ni kipato kutojitosheleza.

Nimesoma kidogo nikaona sheria ya mwaka 2009 inataka aliye chini ya miaka 21 aonyeshe uwezo wake mwenyewe wa kulipa, au awe na mdhamini aliyefikisha 21. Mimi nafanya kazi maktaba ya chuo saa 15 kwa wiki. Hela ya nyumbani hutumwa na mama kutoka Mwanza, kulingana na biashara ilivyokwenda, kwa hiyo sikuiandika kwenye fomu. Labda nilikosea hapo, sijui.

Mjomba yupo Texas, yuko tayari kunidhamini, ila nikichelewesha malipo deni litamwangukia na yeye. Naona aibu kumtwisha mzigo huo.

Maswali yangu ni haya: pesa anayotuma mama naruhusiwa kuihesabu kama kipato changu? Na kati ya mjomba kuniongeza kwenye kadi yake na mimi kuchukua kadi ya mkopo ambayo unaweka kwanza amana benki kama dhamana, ipi imewasaidia zaidi?

Natanguliza shukrani.