Tambi za nazi za kumwagia maji ya moto: huu ni wizi wa jina

Wakuu, salaam kwenu. Mliofunga, swaumu maqbul.

Nina hasira na naandika nikiwa nayo. Juzi nimetoka kazini saa 11 na nusu jioni, foleni ya Ubungo mnaijua. Nyumbani nina bibi yangu, amekuja kutoka Tanga kwa kliniki ya macho. Asubuhi aliniambia, "Mwanangu, leo nina hamu ya tambi." Nikapita supamaketi. Kwenye rafu nikakuta vikombe vya karatasi vyenye picha ya mnazi, nazi iliyopasuliwa na iliki, vimeandikwa kwa herufi kubwa TAMBI ZA NAZI ASILIA ZA PWANI, DAKIKA 3. Kikombe kimoja shilingi 3,500. Nikabeba 6, jumla 21,000.

Nikabandua mfuniko. Ndani kuna donge la tambi nene za mawimbi, zile zile za supu tunazowanunulia watoto. Vifuko viwili: kimoja unga mweupe, kingine mafuta. Nikatia vyote, nikamwaga maji ya moto mpaka kwenye mstari, nikafunika, nikahesabu dakika 3 kwa saa. Kufunua, unga umefanya madonge juu ya maji meupe yananuka vanila. Iliki hakuna. Nimekoroga mpaka basi, maji yakabaki maji.

Jamani, tambi za nazi hazina mchuzi! Tambi za nazi zinakauka. Unazivunja, unazikaanga kwa mafuta au samli huku unageuza bila kuondoka jikoni, maana ukigeuka kidogo zimeungua, mpaka zishike rangi na harufu ifike kwa jirani. Hapo ndipo unatia tui jepesi, sukari, iliki ya kutwanga, na zabibu kwa anayependa. Unaziacha zinywe. Zikikaribia kukauka unamalizia na tui zito, moto unapungua, unafunika. Kwa bibi yangu, jiko la mkaa, zinapaliwa makaa juu ya mfuniko. Ukifunua zinachambuka uzi kwa uzi na mafuta ya nazi yanang'aa juu yake.

Adhana ya magharibi ikaadhiniwa. Bibi akafungua kwa tende na maji, akavuta sahani, akatia kijiko kimoja mdomoni. Akanyamaza. Akaweka kijiko pembeni ya sahani taratibu, hakutaka kunivunja moyo. Akaniuliza, "Mwanangu, nazi ya hizi ilikunwa lini?" Nikakosa jibu. Akala mhogo.

Usiku nikakaa kusoma maandishi madogo ubavuni mwa kikombe, ambayo nilipaswa kuyasoma dukani. Viungo kwenye lebo hupangwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo. Kwenye kile kifuko cha unga, cha kwanza sukari. Cha pili maltodekstrini, yaani wanga uliovunjwavunjwa kiwandani. Unga wa tui la nazi ni wa nne. Halafu kuna protini ya maziwa! Bibi yangu maziwa yanamvuruga tumbo miaka yote, ndiyo maana kwake ni nazi tu. Mtu kama huyo ukimwandikia "tambi za nazi" kwa herufi za kidole kizima, na maziwa ukayaandika kwa herufi za kutafutia miwani, unamtakia nini?

Mniwie radhi, sipingi chakula cha haraka. Mjapani Momofuku Ando alipotoa tambi zake za papo hapo mwaka 1958 alijua anachofanya: zinaivishwa kwanza, kisha zinakaangwa ili maji yatoke na kuacha vitundu vidogo, ukimwaga maji ya moto yanaingia upesi. Kwao ni chakula cha supu, kwa hiyo inafaa. Zetu zinakaangwa zikiwa mbichi na kavu, ndipo unga unapata ile harufu, na ladha inaingia wakati tui linakauka ndani yake. Ukiondoa kukaanga na ukaondoa kukauka, hakuna tambi za nazi hapo. Uza kikombe chako, kipe jina lake, weka bei yako.

Na haraka yenyewe ni ya nini? Jana nimezipika mwenyewe kwa gesi nikiwa na saa mkononi: dakika 25. Nazi nimenunua sokoni, ikakunwa kwa mashine hapo hapo, kukamua nyumbani hata dakika 10 haikufika. Tambi ndicho chakula chepesi kuliko vyote kwenye futari! Magimbi yanachukua muda kuliko hizi. Bibi amekula sahani mbili, nyingine akaomba ifunikwe kwa ajili ya daku.

Ninachotaka ni neno "asilia" litoke kwenye kile kikombe, na maziwa yaandikwe mbele. Chakula kiko chini ya TBS, Shirika la Viwango, tangu 2019, na kupotosha mlaji ni mambo ya Tume ya Ushindani. Aliyewahi kupeleka malalamiko ya lebo aniambie alianzia wapi na alitakiwa kubeba nini. Tafadhali msiniandikie "si uache kununua". Mimi nimeshaacha, ila wapo waliopo mbali na kwao watakaonunua kwa sababu ya ile picha ya mnazi.

MREJESHO: Nimepiga namba ya huduma kwa wateja iliyo kwenye kikombe. Dada aliyepokea, mwenye adabu kabisa, kaniambia "asilia" hapo ni jina la ladha, kama vile kuna "ladha ya kuku". Nikamwuliza yeye kwao wapi, akasema Pangani. Nikamwuliza kama mama yake angezila. Akakaa kimya kidogo, akasema malalamiko yangu ameyaandika. Vikombe 5 vilivyobaki na risiti nimevitia kwenye mfuko, Jumamosi navirudisha dukani.