Mrejesho: Ekseli ya mbele imebadilishwa, mlio umekwisha

Wakuu, niliwauliza kuhusu gari langu la zamani lililokuwa likilia "ta-ta-ta" kila nikikata kona hadi mwisho wa usukani, na kama ningeweza kubadilisha ekseli ya mbele mwenyewe nyumbani. Waliosema ni CV joint ya nje (kiungo cha ekseli kilicho upande wa tairi) walipatia. Buti la raba linaloifunika lilikuwa limechanika, grisi imerukia ndani ya rimu na mchanga umeingia. Kufunga buti jipya peke yake kusingesaidia, maana joint ikishaanza kulia imeshalika. Nikanunua ekseli nzima.

Shughuli kubwa ilikuwa nati ya katikati ya habu (kitovu cha gurudumu), inayoishika ekseli. Aliyesema niilegeze tairi likiwa bado chini na mtu amekanyaga breki, Mungu ambariki; nguvu ile ingeliangusha gari kwenye jeki. Dawa ya kutu, bomba refu kwenye mpini wa spana, ikaachia kwa kishindo hadi majirani wakachungulia. Boljointi ya chini (kiungo kinachoshikilia habu kwa chini) nayo ilileta ubishi kufunguka. Upande wa giaboksi ulitaka mtaimbo mdogo na subira tu, huku nikikinga oili na kuchunga sili (raba inayozuia oili kuvuja) isikwaruzwe.

Nati nimefunga mpya, kwa mkazo ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, na oili ya giaboksi nimeongezea. Kona sasa ni kimya. Umebaki mtetemo kidogo nikikanyaga mafuta mlimani. Nashuku joint ya ndani, ile ya karibu na giaboksi, kwenye ekseli ya upande wa pili. Hiyo itasubiri mfuko upumue.