Naomba ushauri: pete za aota hazilegei

Ndugu wataalamu, salamu kutoka Mombasa. Napima aota (mshipa mkuu wa damu utokao moyoni) iliyokatwa vipande kama pete. Aota za panya waliopewa streptozotosini (dawa ya kuwasababishia kisukari) zinajikaza vizuri kwa noradrenalini (homoni inayokaza mishipa), ila asetilikolini (kemikali inayolegeza mshipa kupitia utando wake wa ndani) haizilegezi. Kisukari hupunguza nitriki oksidi (gesi itokayo kwenye utando huo na kulegeza misuli ya mshipa), sawa, lakini hata pete za panya wasio na kisukari zinalegea chini ya nusu! Sodiamu nitroprusidi (dawa inayolegeza misuli bila kuhitaji utando huo) inazilegeza kabisa, kwa hiyo misuli ni mizima. Nashuku utando wa ndani unakwanguka wakati wa kukata. Pete ni milimita 3, mvuto gramu 2, maji ya Krebs (mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kuweka tishu hai) nyuzi 37, oksijeni asilimia 95 na kaboni dioksidi 5.

Jambo jingine linanisumbua zaidi. Noradrenalini huharibika kwa joto na mwanga, na joto la huku mnalijua. Nikiilinda kwa asidi ya askobiki (vitamini C), je, asidi hiyo haitaficha athari ya kisukari kwa kupunguza vioksidishaji (kemikali zinazoharibu nitriki oksidi)? Au nitumie fenilefrini (dawa nyingine ya kukaza mishipa) badala yake?