Mnaofundisha kuwa "get" ni "pata", mmeshatuchosha!

Wakuu, vijitabu vya Kiingereza vya mitaani vinaandika "get = pata", basi, ukurasa umeisha. Mwanafunzi anakariri, halafu "We got home late" anaisoma "tulipata nyumba kwa kuchelewa". Kosa ni lake au la aliyemuuzia kijitabu?

Kitenzi hiki hakisomwi peke yake, angalia kilichokifuata. Likifuata jina la kitu, hapo ndipo kuna kupata, kupokea au kuleta: "get me some water", niletee maji. Ikifuata sifa, hali inabadilika: "get old" ni kuzeeka, "it's getting dark" ni giza linaingia. Pakifuata mahali ni kufika. Na "get robbed" ni kuibiwa, "get fired" ni kufukuzwa kazi, yaani ile -wa yetu ya kutendwa.

Panapoua watu kwenye mitihani ni hapa. "Get him to sign" inataka "to", ila "make him sign" haitaki, na wengi wanazichanganya. Halafu mpangilio: "I got my hair cut" maana yake kinyozi amekunyoa. Ukisema "I got cut", umekatwa wewe mwenyewe, tafuta bandeji! "Get married" nayo inakwenda na "to". Wanaoandika "with" wanaburuta "na" ya kwetu, kufunga ndoa na fulani.

Asili yake hamuigusi kabisa. Waskandinavia waliovamia na kulowea kaskazini na mashariki mwa Uingereza kuanzia karne ya 9 ndio walioleta "geta". Waingereza walikuwa na ndugu yake tayari, ila akitembea na viambishi tu, ndiyo maana "forget" na "beget" zipo. Hata hiyo g nzito ni ya wageni. Matamshi ya wenyeji yangeendelea, leo tungesema "yet".

Na nyie walimu mnaokata "gotten" (umbo la "get" linalokuja baada ya "have") kwa wino mwekundu mkidai ni uhuni wa Wamarekani: mbona "forgotten" hamuikati? Umbo hilo lilitumika Uingereza kwa karne nyingi, Wamarekani wamelitunza tu. Tena kwao "I've got a car" ni nina gari, "I've gotten a car" ni nimepata gari. Mwambieni mtoto kwamba mtihani wa Kiingereza cha Uingereza unataka "got", na kwenye barua ya kiofisi aandike "receive" au "become". Dakika mbili tu, mnashindwa nini?