Re: Laptopu za darasa la Kiswahili, nani kabadilisha nini?

> Kaka zangu mnaojua Linux, laptopu za watoto ni tano, zote Debian (aina ya Linux). Mbili zina kibodi za Kijerumani, zilizobaki za Kimarekani. Kila anayezishika anagusa kitu huko /etc, folda ya mipangilio ya mfumo, na hasemi. Sasa printa haionekani, na nakala zangu za kwenye flashi sijui ipi ndiyo mpya.

Dada, pole. Flashi iweke kando. Kila mashine iwekee etckeeper, programu inayofuatilia mabadiliko ya /etc: sudo apt install etckeeper. /etc nzima inaingia kwenye Git, chombo cha kutunza historia ya faili, na kila apt, kisakinishi cha Debian, inapoweka au kuondoa programu, hali ya kabla na ya baada inahifadhiwa yenyewe. Anayehariri kwa mkono amalizie na sudo etckeeper commit "nimegusa printa". Akisahau, kuna kazi ya kila siku inayozoa yaliyobaki. Siku printa ikipotea tena, sudo etckeeper vcs log -p itakuonyesha mpaka mstari uliobadilishwa.

Ila usizilazimishe /etc zote zifanane. Fungua /etc/default/keyboard: zile za Kijerumani ziwe na XKBLAYOUT="de", nyingine "us". Ukinakili moja juu ya nyingine, Y na Z zinabadilishana: mtoto anaandika "yangu", skrini inatoa "zangu", mwalimu anamsahihisha ngeli bure.

Vyako binafsi, faili za mipangilio yako kama .bashrc, .gitconfig na wenzao, ni habari nyingine. Viweke folda moja, ~/dotfiles, iwe ripo (hazina) ya Git, halafu programu ya GNU Stow ikutengenezee viungo vinavyoelekeza kwenye faili hizo. Hiyo ndiyo ya kuvuta kwenye mashine yoyote. Kuna watakaokutajia Ansible, programu ya kusimamia mashine nyingi kwa pamoja. Kwa laptopu tano naona ni kukodi lori kubeba mfuko wa unga.

---

Naongezea hapo. Ripo ya /etc msiipandishe mahali pa wazi mtandaoni, tafadhali! Mna /etc/shadow humo. Nywila zimefumbwa, lakini iliyo dhaifu inakisiwa. Na nenosiri la Wi-Fi ya ukumbi mara nyingi liko wazi kabisa ndani ya /etc/NetworkManager/system-connections. Nakala ya nje itumeni kwa SSH, njia salama ya kuunganisha kompyuta, kwenye kompyuta yenu wenyewe. Funguo zako za SSH nazo, dada, zisiingie kwenye dotfiles.

---

Ahsanteni kaka zangu. Naanza na ile ya printa Jumamosi kabla ya darasa. Nani ana nenosiri la msimamizi la laptopu ya tano?