Kuosha injini ya Premio: naanzia wapi bila kuizamisha?

Mwalimu_Tororo

Habari zenu wakubwa. Nahitaji mtu aliyewahi kuosha injini kwa mikono yake, si wa kusimuliwa.

Gari ni Premio ya 2004, injini 1ZZ, lita 1.8. Kila Ijumaa linanipeleka kijijini kwa mama: lami kidogo, halafu vumbi jekundu mpaka mlangoni. Sasa ukifungua boneti huoni chuma, unaona udongo. Upande wa belti udongo umelowa oili, umekuwa kama ule wa kufinyangia chungu. Juzi niliuchokonoa kwa bisibisi kikang'oka kipande kinene kama kidole gumba. Pembeni ya betri panya amejenga kabisa: majani makavu, vipande vya kavera (mifuko ya plastiki) na maganda ya karanga. Karanga zangu, nadhani.

Mwaka jana nililipeleka mahali pa kuoshea magari, nikamwambia kijana aoshe nje tu. Nikaenda kununua maji ya kunywa. Narudi, boneti iko juu, bomba la presha limeelekezwa katikati ya injini ya moto, mvuke unapanda kama sufuria ya matoke. "Hiyo nimekupa bure, madam." Bure ghali. Gari liliwaka kwa shida, likatetemeka kama mtu mwenye malaria, taa ya injini ikawa inapepesa. Fundi niliyempelekea akabadilisha koili zote nne za plagi, shilingi 480,000, siku tatu kabla ya kulipa ada ya mtoto.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Lakini oili inavuja na fundi wangu mpya anasema hawezi kujua inatokea wapi mpaka pasafishwe. Nioshe vipi? Au niache hivyo hivyo?

Afande_Bombo

Mwalimu, usitishwe. Nina Land Cruiser ya 1HZ tangu nikiwa kazini. Kila baada ya miezi michache naipaka dizeli kwa brashi, naipiga maji ya presha, nawasha, naondoka. Haijawahi hata kukohoa. Gari za siku hizi zimedekezwa kama watoto wa mjini.

Fundi_Sofia

Afande, heshima yako, lakini hiyo 1HZ yako ni dizeli ya zamani. Haina plagi za kutoa cheche, haina koili, pampu yake inafanya kazi kwa vyuma, si kwa kompyuta. Hata ukiiogesha mtoni itakuvumilia. Mwalimu akifuata njia yako atarudi tena kwa yule wa koili.

Mwalimu, mimi ni fundi umeme wa magari hapa Busia, upande wetu wa Uganda. Ngoja nikueleze kilichokupata, maana kila mwezi naletewa gari la namna hiyo, Wish, Premio, Noah.

Juu ya 1ZZ kuna mashimo manne marefu yanayoshuka hadi kwenye plagi. Kila shimo limezibwa na koili yenye mguu wa mpira. Mpira ukiwa mpya unazuia manyunyu ya mvua, ila mashine ya presha hauiwezi, sembuse mpira wa 2004 uliokauka. Maji yakiingia humo hayana pa kutokea. Yanakaa kimya chini, yamezunguka plagi. Sasa koili inatoa umeme wa volti maelfu kwa maelfu. Ukikuta maji hauhangaiki kufika kwenye ncha ya plagi, unaruka pembeni kwenye chuma. Silenda hiyo haiwaki, gari linatetemeka. Taa ikipepesa, simama hapo hapo uzime: petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye katalisti, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi, na hiyo bei yake usiiulize.

Mara nyingi dawa yake ni kukausha tu. Kuna Wish ililetwa kwangu kwa kamba. Nilichomoa koili ya silenda ya tatu, nikamulika kwa tochi ya simu, nikajiona usoni mle ndani kama kwenye kisima. Nilinyonya maji kwa sirinji niliyoifunga mpira mwembamba wa dripu, nikapuliza kwa kompresa, nikafuta mguu wa koili na kuuanika juani nusu saa. Ikawaka. Kosa kubwa hapo ni kufungua plagi kabla ya kunyonya maji: yote yanamwagika ndani ya silenda, na umejitafutia kesi nyingine.

Koili zako za zamani ulipewa?

Haya, kuosha. Afadhali usioshe kuliko kuosha injini ya moto. Iache mpaka uweze kuiwekea kiganja ukatulia. Maji baridi juu ya ekzosi inayochemka yanaweza kupasua chuma, na mvuke unakuchoma wewe. Chomoa waya wa hasi wa betri, spana namba 10. Redio itasahau stesheni, utaitafutia nyingine.

Kisha fanya kazi kavu kwanza. Hapa ndipo watu wanakosa subira, na ndipo nusu ya kazi ilipo. Kwangua ule udongo wa oili kwa kijiti au kisu cha plastiki, uangukie kwenye gunia chini ya gari. Usiusukume kwa maji ukaenda mtaroni, kuna watu wanachota huko mbele. Toa kiota cha panya kwa mkono wenye glavu, uangalie waya moja moja kama amezitafuna. Waya iliyotafunwa usiioshe, niletee au mpelekee fundi aliye karibu.

Halafu funika. Kavera ngumu na raba bendi: altaneta inayochaji betri, sanduku la fyuzi, mdomo wa kuvutia hewa, na juu ya koili zote nne weka kitambaa kisha kavera. Altaneta usiisahau, ina matundu ya kupoza na ndani kuna brashi za kaboni na dayodi, maji na sabuni vikikaa humo inakufa taratibu, miezi miwili baadaye hukumbuki hata kama uliosha.

Sabuni ya maji ya vyombo na maji ya vuguvugu inatosha, au dawa ya kutoa grisi ya dukani. Brashi ya rangi ya inchi mbili kwa sehemu pana, mswaki mzee kwa kona. Kusuuza, kopo lenye matundu au bomba la bustani bila kulibana mdomo. Kuzunguka koili usimwage kitu, futa kwa kitambaa kilichokamuliwa. Petroli usiiguse, mvuke wake unashika moto hata kwa cheche ya kurudisha waya wa betri. Dizeli ya afande haiwaki kirahisi hivyo, ila inalainisha mipira ya mabomba na inaacha utando, kesho vumbi lote la kijijini linaganda.

Ukimaliza toa kavera zote, kausha kwa kitambaa, acha boneti wazi juani saa mbili, tatu. Rudisha betri, washa, liache lingurume dakika kumi huku unasikiliza.

Bondi_Kampala

Nyongeza ndogo kwa wanaonunua magari. Mimi nikifungua boneti nikakuta injini ya gari la miaka ishirini inang'aa kama sufuria ya bi harusi, bei inashuka hapo hapo. Ameosha kuficha uvujaji. Namwambia tuzunguke nalo nusu saa, halafu namulika chini ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini. Injini yenye vumbi kavu naiamini zaidi.

Mwalimu_Tororo

Fundi, asante sana, umenitoa ujinga. Koili za zamani nilizidai, zimo kwenye kavera chini ya kiti. Na nikishaosha, oili nitaitafutaje?

Fundi_Sofia

Endesha siku mbili, usizidishe, kisha mulika ukianzia juu. Oili inashuka na upepo unaipeperusha nyuma, kwa hiyo panapolowa chini sipo inapotoka. Kwa 1ZZ upande wa belti nashuku vitu viwili: gasketi ya tapeti kava, au oringi ya tenshena, kidude kinachokaza cheni ya ndani ya injini. Ikiwa ni tenshena, mwambie fundi asizungushe injini wakati imetolewa, cheni inaweza kuruka meno.

Mwalimu_Tororo

Mrejesho, wiki mbili baadaye.

Nilianza Jumamosi saa mbili asubuhi, nikamaliza saa nane. Udongo uliotoka ulijaza ndoo ndogo ya rangi. Panya alikuwa ametafuna ganda la waya mmoja wa taa ya mbele, shaba ilionekana, hiyo imefungwa vizuri na fundi. Nilipowasha nilisimama mbali kama mtu aliyewasha fataki. Likanguruma kawaida.

Jumatatu jioni nilimulika. Tapeti kava kavu. Chini kidogo, kwenye kidude kilichofungwa kwa nati mbili, mstari mwembamba wa oili safi unang'aa. Tenshena. Oringi yenyewe ni duara la mpira ambalo lingekaa kwenye kidole changu kama pete. Fundi aliibadilisha kwa chini ya saa moja, na sikumruhusu mtu aguse ufunguo wa gari.

Halafu nikampa zile koili za zamani. Alizifunga moja moja kwenye silenda ya kwanza, akiwasha kila mara. Zote nne zinafanya kazi.

Afande_Bombo

Mwalimu, huyo aliyekuuzia mpya anaitwa nani? Nitamtembelea tu, kumsalimia.

Mwalimu_Tororo

Hapana afande, hapa sitaji jina. Ila koili nne za akiba ninazo, mwenye Premio aliyekwama karibu na Tororo anitafute kabla hajanunua.