Onlooker ni mtu gani hasa, na tofauti yake na spectator ni ipi?

Baba Neema wa Nkuhungu:
Mbukwenyi wakuu. Binti yangu yuko form two kaja na zoezi la kiingereza, habari ya ajali ya bodaboda, kuna sentensi inasema a crowd of onlookers gathered, anatakiwa achague neno la maana ya karibu kati ya spectators, viewers na bystanders. Mimi naona wote ni watazamaji tu. Onlooker ni nani hasa, na je naweza kuwaita hivyo waliokaa jukwaani Jamhuri wanaangalia Dodoma Jiji?

Ticha_mstaafu:
Achague bystanders. Onlooker anaangalia jambo lisilomhusu na wala hakulipanga, kapita zake kakuta watu wamejaa naye kasimama. Linaandikwa pamoja bila kistari na mara nyingi utalikuta kwenye wingi, maana wa kushangaa ajali huwa hawapungui 😂 Hao wa Jamhuri ni spectators, wameenda makusudi kuangalia mpira. Viewer ni wa kwenye TV au YouTube, yule yuko kwenye kochi lake.

zabibu_kavu:
Ticha yuko sawa ila bystander na onlooker si pacha kabisa. Bystander cha muhimu yupo pale karibu, anaweza hata asiwe anaangalia, ndo maana risasi ikimpata asiyehusika waingereza wanasema innocent bystander. Onlooker lazima macho yawe pale. Na mpita njia ni passer-by, wingi passers-by, s inakaa katikati, mwambie binti asije akaiweka mwisho.

Baba Neema wa Nkuhungu:
Nimewapata. Na wale magazeti yanawaita mashuhuda?

zabibu_kavu:
Hao ni eyewitnesses, lazima awe ameona tukio lenyewe likitokea. Wewe umefika Jamatini pikipiki ishalala mtaroni, umetoa simu unarekodi, wewe ni onlooker tu, trafiki akiuliza nani kaona usinyooshe kidole.

Mtani wa Kongwa:
Naongezea kidogo maana tuko mji wa Bunge. Wanaokaa kule juu kuangalia wabunge Spika huwa anawatambulisha kama wageni, na Uingereza nako bungeni walikuwa wanawaita strangers, jukwaa lao likaitwa Strangers' Gallery mpaka 2004 ndo wakaliacha hilo jina. Wa uchaguzi ni observers, yule kapewa kibali na anaenda kuandika ripoti, usimchanganye na anayeshangaa.

Baba Neema wa Nkuhungu:
Asanteni sana, kajaza bystanders. Sasa anauliza yeye akisimama dirishani kuangalia majirani wakigombana ni onlooker?

Ticha_mstaafu:
Ndiyo, na kwa kiswahili ni mmbea. Afunge pazia amalizie homework.